Pete Conrad: Mwanaanga wa mwezini aliyesimamia roketi ya kwenda na kurudi

Wasikilizaji wengi mmeziona kwenye simu zenu video za roketi inayorudi kutoka juu, inawasha moto chini yake, inatoa miguu na kusimama wima pale pale palipopangwa. Wapo waliotuuliza kama ile ni video iliyorudishwa nyuma. Hapana, ni kweli inatua. Tena jambo lenyewe halikuanza jana. Mwaka 1993, katika jangwa la White Sands, jimbo la New Mexico nchini Marekani, roketi ilipaa, ikasimama angani, ikasogea kando na kushuka kwa miguu yake minne. Mtu aliyekaa mbele ya kompyuta kusimamia safari ile alikuwa mzee wa miaka 63, mfupi, mwenye mwanya mkubwa katikati ya meno. Jina lake ni Charles Conrad, lakini dunia nzima ilimwita Pete. Ndiye mtu wa tatu kukanyaga mwezi.

Leo tunaeleza maisha yake, maana bila yeye na wenzake habari ya roketi za kutumika tena ingekuwa na sura nyingine.

Kwanza tuelewane kuhusu tatizo lenyewe. Kwa miaka mingi roketi ilikuwa kitu cha kutumika mara moja. Inabeba mzigo juu, inaishiwa mafuta, kisha vipande vyake vinaanguka baharini au kuungua. Fikiria unanunua lori jipya, unapeleka mahindi mjini, ukishashusha gunia la mwisho unalisukumia lori korongoni na kurudi kwa miguu. Msimu ujao unanunua jingine. Ndiyo maana kurusha setilaiti kuligharimu fedha nyingi mno.

Conrad alizaliwa tarehe 2 Juni 1930 huko Philadelphia, katika familia iliyokuwa na mali. Mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ile ukaifilisi. Lakini shida iliyomsumbua zaidi ilikuwa darasani. Alikuwa na hali inayoitwa disleksia, ambapo mtu ana akili timamu lakini herufi zinamchanganya anaposoma. Siku hizo ni watu wachache walioijua. Walimu walimwona mvivu tu. Alifeli karibu mitihani yote na shule ikamfukuza.

Mama yake hakukubali kwamba mwanawe ni mjinga. Alitafuta shule nyingine, Darrow, katika jimbo la New York, ambako mkuu wa shule alimwonyesha njia nyingine ya kujifunza: kuliangalia jambo zima kwanza kama mtambo, kisha kulifuata kipande kwa kipande. Alirudia darasa. Alipomaliza mwaka 1949 alipata nafasi katika Chuo Kikuu cha Princeton, masomo yakilipiwa na Jeshi la Majini la Marekani, na mwaka 1953 akatoka na shahada ya uhandisi wa ndege.

Ndege alikuwa amezizoea zamani. Akiwa kijana mdogo alifanya vibarua kwenye kiwanja kidogo cha ndege cha Paoli, karibu na nyumbani kwao, akilipwa kwa kupandishwa ndege. Alipokuwa na miaka 16 alisikia mwalimu mmoja wa urubani amelazimika kutua kwa dharura mahali pa mbali. Akaendesha gari karibu kilomita 160, akaitengeneza ile ndege peke yake. Mwalimu naye akamlipa kwa masomo, na Conrad akapata leseni ya urubani kabla hajamaliza sekondari. Wale tunaowajua vijana wa gereji za pikipiki, ambao vitabu viliwashinda lakini injini inawasikia, hatushangai sana.

Jeshini akawa rubani wa ndege zinazotua juu ya meli, kisha rubani wa majaribio. Mwaka 1959 aliitwa kwenye mchujo wa wanaanga wa kwanza wa Marekani. Vipimo vya hospitali vilikuwa vingi na vya kudhalilisha, naye hakuficha kwamba vimemchosha. Aliwafanyia madaktari mzaha, akagombana nao. Wakamwandika kwamba hafai kwa safari ndefu za angani. Alan Shepard, aliyekuwa amechaguliwa, ndiye aliyemshawishi ajaribu tena, na mwaka 1962 akapita pamoja na wengine wanane.

Huyo aliyeandikiwa kwamba hafai kwa safari ndefu, safari yake ya kwanza Agosti 1965 ilikuwa siku nane, rekodi ya dunia wakati huo. Alikuwa na Gordon Cooper ndani ya Gemini 5, chombo chenye nafasi kama viti viwili vya mbele vya gari dogo. Siku nane hapo. Mwaka uliofuata, akiwa na Dick Gordon katika Gemini 11, alipanda hadi kilomita 1,369 juu ya dunia.

Sasa tufike mwezini, maana ndiko alikojifunzia kazi ya kutua juu ya moto.

Apollo 12 iliondoka tarehe 14 Novemba 1969 wakati mvua ikinyesha Florida. Sekunde 36 baada ya kupaa, radi ikaipiga roketi. Kwenye sekunde ya 52 ikapiga tena. Taa za tahadhari zikawaka karibu zote kwa pamoja, umeme wa chombo ukayumba, na kituo cha Houston kikawa kinapokea takwimu zisizoeleweka. Conrad alikuwa na mpini wa kukatisha safari karibu na mkono wake. Hakuugusa. Roketi yenyewe ilikuwa bado inakwenda sawa, naye alitaka kujua kwanza nini kimeharibika. Kijana mmoja Houston, John Aaron, alikumbuka swichi moja ambayo karibu hakuna mwingine aliyeijua. Alan Bean, aliyekuwa ndani ya chombo na Conrad, alijua ilipo. Akaibonyeza, takwimu zikarudi, safari ikaendelea.

Siku tano baadaye Conrad na Bean walishuka kwenye uwanda uitwao Bahari ya Dhoruba. Mwezini hakuna hewa, kwa hiyo parashuti haisaidii na mabawa hayasaidii. Njia ni moja tu: kugeuza injini iangalie chini na kushuka ukiwa umekaa juu ya moto, ukipunguza na kuongeza nguvu mpaka miguu iguse. Hapa duniani makamanda walijizoeza kwa mtambo wa ajabu, fremu ya vyuma yenye injini ya jeti katikati iliyobeba sehemu tano kati ya sita za uzito, ili kile kilichobaki kifanane na uzito wa mwezini. Ulikuwa mtambo wa hatari. Neil Armstrong aliwahi kuuruka kwa parashuti mwaka 1968 kabla haujaanguka na kulipuka. Conrad aliuendesha pia.

Kazi yake mwezini ilikuwa kutua karibu na Surveyor 3, chombo kisicho na watu kilichofika pale Aprili 1967. Alishika usukani mwenyewe kwenye sehemu ya mwisho. Vumbi likatimka mpaka ardhi haikuonekana, akamalizia kwa kuangalia vipimo. Vumbi lilipotulia walikuwa karibu mita 160 kutoka kwenye Surveyor. Kutoka duniani ni zaidi ya kilomita 380,000.

Hatua yake ya kwanza ilikuwa ya mzaha. Mwandishi wa habari wa Italia, Oriana Fallaci, aliamini kwamba maneno ya wanaanga wanapokanyaga mwezi yanaandikwa na wakubwa serikalini. Conrad alibishana naye, wakawekeana dau la dola 500, kisha akaruka chini ya ngazi akitania ufupi wake mwenyewe na urefu wa hatua ile. Kwa maelezo yake, fedha hizo hakuwahi kulipwa.

Kuna jambo ambalo sisi wa redio tunalipenda. Muda mfupi baada ya wao kutoka nje, kamera ya televisheni ilielekezwa kwenye jua kwa bahati mbaya, ikaungua. Matangazo ya mwezini kwa saa zote zilizobaki yakawa ya sauti tu. Watu waliomsikia Conrad akicheka na kuimba peke yake huku akiokota mawe walimsikia kama mnavyotusikia sisi.

Mei 1973 alipaa mara ya nne na ya mwisho, kwenda Skylab, kituo cha kwanza cha anga cha Marekani. Kituo kilikuwa kimeumia siku ya kurushwa kwake. Ngao ya nje ilichomoka, paneli moja kubwa ya umeme wa jua ikaondoka nayo, na nyingine ikafungwa na kipande cha bati. Ndani joto lilipita nyuzi 50. Conrad, Joseph Kerwin na Paul Weitz walipitisha kitambaa kwenye tundu dogo la ukutani na kukifungua nje kama mwavuli, joto likaanza kushuka. Tarehe 7 Juni Conrad na Kerwin walitoka nje na mkasi uliofungwa kwenye mti mrefu, mfano wa ule wa kukatia matawi ya miti, wakakata lile bati. Paneli iligoma kufunguka. Wakaivuta kwa kamba kwa nguvu zao zote, ikaachia ghafla na kuwatupa wote wawili mpaka mwisho wa kamba zao za usalama. Umeme ukapatikana na kituo kikaokoka. Walikaa siku 28. Conrad mwenyewe aliiona kazi hii kubwa kuliko ya mwezini, na medali ya heshima ya wanaanga aliyopewa mwaka 1978 ilikuwa kwa ajili ya Skylab.

Mwaka huo huo wa 1973 aliacha jeshi na shirika la NASA. Akafanya kazi kidogo kwenye kampuni ya televisheni ya waya, na mwaka 1976 akaingia McDonnell Douglas, watengenezaji wa ndege. Miaka mingi ilipita akiuza ndege za abiria. Wengi walidhani habari yake imeisha.

Mwaka 1991 kampuni hiyo ilipata mkataba kutoka ofisi ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliyoshughulikia ulinzi dhidi ya makombora. Fedha zilikuwa takriban dola milioni 60, ndogo sana kwa mambo ya roketi. Walitakiwa kutengeneza roketi ya majaribio ambayo haikukusudiwa kufika anga za juu, bali kujibu swali moja: je, roketi inaweza kuendeshwa kama ndege, yaani ipae, itue, ijazwe mafuta na kupaa tena baada ya muda mfupi, kwa mafundi wachache? Iliitwa DC-X, au Delta Clipper.

Ilikuwa na umbo la pembe iliyochongoka juu na pana chini, urefu wa karibu mita 12, yaani theluthi moja ya chombo kikubwa walichotarajia kutengeneza baadaye. Chini kulikuwa na injini nne zinazochoma haidrojeni na oksijeni za kimiminika. Ili kuokoa fedha walitumia vitu vilivyokuwepo. Injini zilikuwa za aina iliyotumika miaka mingi kwenye roketi nyingine, na baadhi ya vifaa vya kuongozea vilitoka kwenye ndege za kivita. Chini ya miaka miwili ilikuwa tayari.

Kusimamisha kitu kama hicho hewani si kazi ndogo. Chukua mchi wa kutwangia, usimamishe kwenye kiganja. Ukiinama kushoto unakimbiza mkono kushoto, ukiinama mbele unakimbiza mbele. DC-X ilifanya hivyo hivyo: kompyuta ilisoma mwinamo mara nyingi kwa sekunde, ikageuza midomo ya injini kidogo kidogo, ikapunguza au kuongeza nguvu. Ugumu mwingine ni kwamba chombo kinazidi kuwa chepesi kadiri mafuta yanavyoungua, kwa hiyo nguvu inayotosha sasa, baada ya dakika moja ni nyingi mno na itakirusha juu badala ya kukishusha.

Ndani ya DC-X hakukuwa na rubani. Conrad alikuwa meneja wa safari, akiwa na wenzake wawili ndani ya tela lililowekwa kompyuta. Watu watatu. Wakati huo kurusha chombo kimoja cha anga kulihitaji ukumbi wenye mamia ya watu. Mtu aliyeshika usukani mwezini sasa alikuwa na kibodi tu mbele yake. Programu ndiyo iliyorusha, yeye aliamua iendelee au ishuke.

Tarehe 18 Agosti 1993 ikapaa. Ilifika mita 46, ikasimama, ikasogea kando kama mita 100, ikashuka taratibu na kusimama. Sekunde 59 zote. Hakuna roketi kubwa ya namna hii iliyokuwa imefanya hivyo duniani. Septemba ikarudia mara mbili, ya pili ikifika mita 370.

Kisha fedha zikaisha, na kosa halikuwa la mtambo. Siasa za Washington zilikuwa zimebadilika, ofisi iliyolipa ilikuwa inapunguzwa, na roketi inayofanya kazi vizuri ikakaa bure karibu miezi tisa. Kwa maoni yetu hapa ndipo mradi ulipojeruhiwa zaidi kuliko kwenye ajali yoyote iliyofuata.

Iliporudi Juni 1994, safari ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya tarehe 27 ndiyo iliyoonyesha thamani ya mtu aliyekaa kwenye kiti. Gesi ya haidrojeni ilikuwa imekusanyika kando ya roketi kabla ya kupaa. Injini zilipowaka gesi ikalipuka na kuchana ganda la nje. Roketi ikaendelea kupanda huku vipande vikidondoka. Watu wa nje waliona na kuwajulisha walioko ndani ya tela. Roketi ya kawaida ikipata ajali hiyo kuna jibu moja, kuilipua kabla haijaangukia watu. Conrad aliamuru itue. Ikajishusha yenyewe, ikasimama mchangani nje ya sakafu iliyoandaliwa, sekunde 78 tangu kuondoka, imepasuka ubavuni lakini nzima. Ilitengenezwa. Mwaka uliofuata ikaruka tena mara tatu. Safari ya mwisho ya zile, tarehe 7 Julai 1995, ilifika mita 2,500 na kufanya kile ambacho chombo cha kurudi kutoka angani lazima kiweze: kuinamisha pua chini, kisha kugeuka na kushuka kwa mkia. Ilitua kwa kishindo, ganda likapata ufa.

Baada ya hapo NASA iliichukua na kuiboresha. Conrad alistaafu kwenye kampuni mapema mwaka 1996, ingawa kustaafu kwake hakukuwa kwa kukaa. Februari mwaka huo alikuwa katika kundi la marubani walioizunguka dunia kwa ndege ndogo ya Learjet kwa saa 49 na dakika kadhaa, rekodi. Akaanzisha pia kampuni yake ya mambo ya anga, Universal Space Lines.

Juni 1996 roketi ile iliruka tarehe 7, na kesho yake ikaruka tena, saa 26 tu kati ya safari na safari. Mara hii ilifika mita 3,140. Lakini tarehe 31 Julai ilitua vizuri kabisa kwa miguu mitatu. Mguu wa nne haukutoka. Bomba dogo la gesi inayousukuma halikuunganishwa na fundi. Roketi ilisimama kitambo, ikainama, ikaanguka na kulipuka. Hapakuwa na ya pili. NASA ilikuwa imeshaamua fedha ziende kwenye mradi wa kampuni nyingine, X-33, chombo cha kupaa wima na kutua kama ndege. Hicho hakikuruka hata mara moja, na mwaka 2001 kilifutwa.

Conrad hakuuona mwisho huo. Tarehe 8 Julai 1999 alikuwa safarini kwa pikipiki na mke wake na marafiki karibu na Ojai, California. Kwenye kona alitoka nje ya barabara. Alionekana hajaumia sana, lakini alikuwa anavuja damu ndani, akafariki hospitalini saa chache baadaye akiwa na miaka 69. Alizikwa kwenye makaburi ya kitaifa ya Arlington.

Novemba 2015 roketi ya kampuni ya Blue Origin ilivuka mpaka wa anga na kurudi kutua wima huko Texas. Mwezi uliofuata, Falcon 9 ya SpaceX, ikiwa imepeleka setilaiti 11, ilirudisha sehemu yake ya chini na kuisimamisha Florida. Blue Origin ilikuwa imeajiri baadhi ya wahandisi waliowahi kufanya kazi kwenye DC-X.